Ruhusa ya Jirani

Mwishoni mwa mwaka wa 2003, mkurugenzi mkuu wa hospitali moja ya jimbo la Illinois aliwaendea maafisa wa FBI na malalamiko ambayo Mkenya yeyote angeyaelewa bila mkalimani: nimeitishwa chai. Mama huyo anaitwa Pamela Davis. Hospitali yake, Edward, iko Naperville, nje kidogo ya Chicago, na alitaka kujenga nyingine Plainfield, mji uliokuwa ukijaa watu kwa kasi. Pesa za kujengea angezipata. Kilichokosekana ni karatasi moja kutoka kwa bodi ya jimbo, na alikuwa ameshadokezewa kwamba karatasi hiyo ingetoka bila shida kama kazi ya ujenzi angempa mjenzi fulani na mkopo angeuchukua kupitia benki fulani.

FBI walimvalisha kinasa sauti chini ya nguo, akarudi kazini kama kawaida. Sauti zilizonaswa zilimfikisha mahakamani Stuart Levine, mjumbe mwenye nguvu wa bodi hiyo, ambaye alikiri makosa mwaka wa 2006. Kutoka kwake upelelezi ukamfikia Tony Rezko, mchangishaji mkubwa wa pesa za siasa Chicago, aliyepatikana na hatia Juni 2008. (Ndiyo, Rezko yule yule aliyemchangishia pia mwanasiasa mmoja mwenye jamaa zake Kogelo. Obama hakushtakiwa wala kutuhumiwa kosa lolote katika kesi hiyo, lakini mwaka ule wa uchaguzi jina la Rezko lilimfuata kila mahali.) Mwishowe mkondo huo huo wa upelelezi ukamkuta gavana mwenyewe, Rod Blagojevich, akafungwa.

Tukiisoma hadithi hii kama hadithi ya ufisadi peke yake, tutasema watu wabaya walikamatwa, tupige makofi, twende nyumbani. Mimi swali lililonikaa ni lingine. Kwa nini hospitali yenye pesa zake, katika nchi inayojisifu duniani kote kwa soko huria, ilihitaji ruhusa ya bodi ili ijenge wodi?

Karatasi aliyoitaka Davis inaitwa cheti cha uhitaji. Katika majimbo mengi ya Marekani, huwezi kufungua hospitali mpya, au kuongeza vitanda, au kununua mashine ya MRI, au hata kuanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa majumbani, mpaka uithibitishie serikali ya jimbo kwamba huduma hiyo inahitajika. Sio kwamba wewe ni daktari aliyesoma, au kwamba jengo ni salama. Hayo yana leseni zake. Hapa unathibitisha kwamba eneo hilo lina upungufu. Na wakati unajieleza, walio tayari katika biashara hiyo wanaruhusiwa kuja kwenye kikao kukupinga, na ukipewa cheti wanaweza kukata rufaa.

Hebu fikiria umenunua matatu. Unataka kuiweka kwenye ruti ya Rongai. Unaambiwa leta hesabu kuonyesha abiria wamekosa magari, halafu sacco zinazopiga ruti hiyo zinaalikwa kueleza kwa nini abiria hawakuhitaji. Wataeleza nini? Wataeleza kwamba magari yametosha, tena yamezidi. Foleni iliyoko stejini saa kumi na mbili jioni haina kiti katika kikao hicho.

Walioitunga sheria hii, hata hivyo, hawakuwa wezi, na wala hawakuwa wajinga. Walikuwa wakijaribu kupunguza gharama ya matibabu.

Turudi nyuma. Mwaka wa 1929 huko Dallas, Texas, hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor iliwaambia walimu: toeni senti 50 kila mwezi, na mkiugua mtapata hadi siku 21 hospitalini bila kulipa zaidi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa bima iliyokuja kuitwa Blue Cross. Kufikia miaka ya 1950 Wamarekani wengi walilipiwa hospitali na bima ya kazini, na mwaka wa 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na Medicaid, ya watu wa kipato cha chini. Tatizo lilikuwa kwenye namna ya kulipa. Medicare ilipoanza, hospitali ilileta hesabu ya gharama zake, ikalipwa gharama hizo, na asilimia 2 juu. Ukitumia zaidi, unalipwa zaidi. Mfanyabiashara gani angekataa mteja wa namna hiyo?

Wakati huo kulikuwa na wazo lililokuwa limewakolea wataalamu. Mwaka wa 1959, Max Shain na Milton Roemer walichapisha utafiti uliotazama idadi ya vitanda vya hospitali na matumizi yake, wakaona kwamba pale vitanda vilipo vingi, wagonjwa wanaolazwa nao huwa wengi. Wazo likageuka kuwa kama msemo: kitanda kikishajengwa, kitapata mtu wa kukilalia. Daktari mwenye vitanda vitupu atakwambia ulale siku mbili zaidi tukuangalie. Na kwa kuwa bima inalipa, wewe utabisha nini?

Ukiunganisha mambo hayo mawili, mlipaji asiyeuliza na kitanda kinachojitafutia mgonjwa, dawa inaonekana wazi: zuia vitanda. Jimbo la New York lilitangulia mwaka wa 1964. Waliosukuma wazo hili hawakuwa watu wa serikali pekee. Mjini Rochester, makao ya kampuni ya Kodak, waajiri waliolipia bima za wafanyakazi wao walikuwa wameanza mapema kuketi na hospitali kupanga nani ajenge nini. Na chama cha hospitali cha Marekani chenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1960, kiliunga mkono sheria za namna hii. Hapo ndipo ningependa msomaji atue kidogo. Ukiona wenye maduka wanaiomba serikali idhibiti ufunguzi wa maduka, uliza ni duka gani litakalofungiwa nje.

Kisha serikali kuu ikaingia. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mipango ya afya ya 1974, Rais Gerald Ford akaitia saini Januari 1975, na majimbo yakaambiwa yaweke mfumo wa vyeti la sivyo yangekosa pesa za afya kutoka Washington. Ndani ya miaka michache majimbo yote yalikuwa na sheria hiyo, isipokuwa Louisiana.

Na gharama? Hazikushuka. Mapema kabisa, mwaka wa 1976, watafiti David Salkever na Thomas Bice walionyesha kilichokuwa kikitokea: vyeti vilipunguza kweli ujenzi wa vitanda, lakini pesa zilizozuiwa kwenye vitanda zilihamia kwenye mashine na huduma nyingine. Jumla ya uwekezaji haikupungua. Ni kama kuziba tundu moja la ndoo yenye matundu mawili. Mwaka wa 1983 Medicare ilibadilisha namna ya kulipa, ikaanza kutoa kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa badala ya kulipa chochote ambacho hospitali imetumia. Kwa maneno mengine, sababu kubwa ya kuwa na vyeti ilikuwa imeshughulikiwa kwa njia nyingine. Mwaka wa 1986, chini ya Ronald Reagan, sheria ya 1974 ikafutwa, na majimbo yakawa huru kuamua.

Majimbo kadhaa yalitoka mbio. Utah, Texas, Arizona na California yote yaliacha vyeti vya hospitali katika miaka hiyo ya 1980. Pennsylvania ikafuata 1996, New Hampshire 2016, na mwaka wa 2023 South Carolina ikafuta sehemu kubwa ya sheria yake. Lakini zaidi ya majimbo 30 bado yanayo kwa namna moja au nyingine, karibu miaka arobaini baada ya Washington yenyewe kusema jaribio limeshindwa. Mwaka wa 2004 mamlaka za kulinda ushindani za serikali kuu zilitoa ripoti ya pamoja kuyashauri majimbo yafikirie upya. Mwaka wa 2020, Covid ilipoingia, majimbo mengi yalisimamisha vyeti haraka haraka ili vitanda viongezwe. Yaani siku watu walipohitaji vitanda kweli, kitu cha kwanza kuondolewa njiani kilikuwa cheti cha uhitaji. Dharura ilipopita, kikarudi.

Kwa nini kinarudi? Kwa sababu karatasi inayozuia wengine wasiingie ni mali. Jimboni Alabama, Richard Scrushy, mwanzilishi wa kampuni ya hospitali ya HealthSouth, alitoa dola 500,000 kusaidia kampeni ya bahati nasibu iliyopendwa na Gavana Don Siegelman, na akapata kiti katika bodi inayotoa vyeti. Mwaka wa 2006 mahakama iliwapata wote wawili na hatia. Wapo wanaosema hadi leo kwamba kesi ya Siegelman ilikuwa ya kisiasa, na hoja zao si za kupuuzwa. Ninachokitazama mimi ni thamani ya kile kiti. Nusu milioni ya dola haitajwi kortini pamoja na kiti cha bodi ya kuhesabu vitanda kama bodi hiyo inahesabu vitanda tu.

Lakini ufisadi ni sehemu ndogo ya hadithi, tena ndiyo sehemu rahisi. Mambo yanayoumiza zaidi hufanyika kihalali kabisa. Ukitaka kuyaona, nenda Asheville.

Asheville ni mji wa milimani, magharibi mwa North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali ndogo ya binafsi iitwayo Aston Park ilitaka kujenga jengo jipya mjini humo. Jimbo likainyima cheti: vitanda vinatosha. Aston Park ikaenda mahakamani, na mwaka wa 1973 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatoa uamuzi ambao bado unasomwa. Katiba ya North Carolina inakataza ukiritimba na upendeleo wa kipekee, ikasema mahakama, na kumzuia mtu kujenga hospitali kwa pesa zake, katika ardhi yake, eti kwa sababu waliopo watapoteza wateja, hakuna uhusiano wa kueleweka na afya ya umma. Sheria ikaanguka. Miaka michache tu baadaye bunge la jimbo likaitunga upya, kwa kuwa Washington ilikuwa inatishia kushika pesa.

Sasa fuata mkondo. Mwaka wa 1995, hospitali mbili kubwa za Asheville, Mission na St. Joseph's, ziliruhusiwa na jimbo kuungana bila kusumbuliwa na sheria za kuzuia ukiritimba, kwa masharti kwamba gharama na faida zao zitasimamiwa. Hoja ilikuwa ile ile ya tangu zamani: tusiwe na vitu viwili viwili, tuokoe pesa. Mwaka wa 2015 bunge likaiondoa sheria ya usimamizi huo. Muungano ukabaki, masharti yakaenda. Na mwaka wa 2019 Mission ikauzwa, kwa takriban dola bilioni 1.5, kwa HCA, kampuni kubwa kuliko zote za hospitali za kibiashara nchini Marekani.

Kwa hiyo HCA haikununua hospitali pekee. Ilinunua mji ambao hakuna mwingine angeweza kuja kujenga hospitali bila kupita kwenye bodi. Desemba 2023 mwanasheria mkuu wa jimbo wakati huo, Josh Stein, ambaye baadaye alichaguliwa gavana, aliishtaki kampuni akidai imevunja ahadi zake kuhusu huduma za dharura na za saratani, madai ambayo kampuni iliyakana. Mapema 2024 wakaguzi wa serikali kuu walisema hali katika hospitali hiyo ilikuwa imewaweka wagonjwa katika hatari ya papo hapo. Na pale kampuni nyingine, AdventHealth, ilipopewa cheti mwaka wa 2022 cha kujenga hospitali ya vitanda 67 katika kaunti hiyo hiyo, Mission ilikata rufaa. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Sheria ndiyo inayompa mwenye duka haki ya kumpeleka kortini anayetaka kufungua duka mkabala, na kila mwaka wa kesi ni mwaka mwingine wa kuuza peke yako.

Mtu anaweza kusema: sawa, hizo ni hospitali kubwa zinapigana, sisi nyasi tunatazama. Basi tazama kesi ya Louisville, Kentucky. Mji huo una wakimbizi wengi wanaozungumza Kinepali, waliofukuzwa Bhutan, kama ulivyo na Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Wanaume wawili wenye asili ya Nepal, Dipendra Tiwari, mhasibu, na Kishor Sapkota, walitaka kuanzisha shirika dogo la huduma ya wagonjwa nyumbani ambalo wahudumu wake wangeongea lugha ya wazee wao. Hawakuomba kujenga kitu. Hakuna kitanda hata kimoja katika biashara hiyo. Kuna muuguzi, gari na mlango wa kubisha. Kampuni moja kubwa ya hospitali ya jimbo ilipinga. Fomula ya jimbo ikaonyesha kwamba kaunti haina upungufu. Fomula haikuwa na safu ya lugha.

Walienda mahakamani, na mwaka wa 2022 Mahakama ya Rufaa ya serikali kuu ikawakatalia. Jaji Jeffrey Sutton, aliyeandika uamuzi, hakuficha mashaka yake kuhusu busara ya sheria yenyewe, ila alisema kwamba sheria mbaya si lazima iwe kinyume cha katiba, na kwamba kazi ya kuirekebisha ni ya bunge la jimbo. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiza kesi hiyo.

Msomaji mwenye shangazi Marekani anajua kwa nini nimekaa kwenye kesi hii. Kutunza wazee na wagonjwa majumbani ni mojawapo ya kazi ambazo Wakenya wengi wa kule huanzia, na karo nyingi za huku zimelipwa na zamu za usiku za kule. Mtu akifanya zamu hizo miaka kumi, siku moja hujiuliza kwa nini asifungue shirika lake. Katika majimbo mengine anajaza fomu za leseni, anaanza. Katika mengine, akiitaka leseni ya huduma za kiuguzi, anakutana na fomula.

Hadi hapa nimeongea kama wakili wa soko, na upande wa pili una neno. Wakuu wa hospitali husema hivi: idara ya dharura haina faida. Tangu 1986 sheria ya serikali kuu inazilazimu hospitali zenye idara hizo kumpima na kumtuliza kila anayeingia, awe na bima au hana. Pesa za kubeba mzigo huo hutoka kwenye huduma zenye faida, kama upasuaji wa goti, picha za MRI, upasuaji wa macho. Ukimruhusu kila daktari afungue kliniki yake achukue magoti na macho, hospitali itabaki na ajali za usiku na watu wasio na kitu. Na ya mashambani itafunga.

Hoja hii si ya kutupwa. Texas iliacha vyeti mwaka wa 1985, na ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima nchini humo, na hospitali nyingi za mashambani zimefungwa huko. Mtu wa Texas asiye na bima, ukimwambia kwamba soko la hospitali liko huru, atakuuliza: kwa hiyo? Lakini Tennessee, iliyobaki na vyeti miaka hiyo yote, nayo imepoteza hospitali za mashambani kwa wingi. Cheti hakikuziokoa. Na kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu hoja hii. Inatuambia kwamba maskini hutibiwa kwa pesa zinazochotwa kimya kimya kutoka kwa bei ya MRI ya mtu mwingine, na kwamba mpango huo unahitaji ulinzi dhidi ya ushindani. Kama jamii imeamua maskini atibiwe, na iamue, basi bili hiyo iwekwe mezani, ipigiwe kura, ilipwe na kodi. Ikifichwa ndani ya bei ya goti, hakuna anayejua ni kiasi gani kimemfikia maskini na kiasi gani kimeishia kwenye gawio la wenye hisa.

Pia, kufungua mlango hakutoshi kama bei haionekani. Soko ambalo mnunuzi anaijua bei baada ya kununua si soko, ni kamari. Huko Oklahoma City, madaktari wawili wa nusukaputi, Keith Smith na Steven Lantier, walifungua kituo cha upasuaji mwaka wa 1997. Mwaka wa 2009 wakafanya kitu ambacho kingekuwa cha kawaida kabisa kwa muuza mitumba wa Gikomba, lakini katika hospitali za Marekani kilikuwa kama uasi: walibandika bei zao zote kwenye intaneti. Bei moja kwa upasuaji mmoja, ndani yake kuna daktari, nusukaputi na chumba. Wateja wakaanza kutoka majimbo mengine. Wengine, asema Smith, hawakufika kamwe. Walichukua ile bei wakaenda nayo hospitali ya kwao, wakapunguziwa. Kituo hicho hakichukui malipo ya Medicare, na hakipokei mtu aliyepasuka kichwa saa nane usiku. Ni jibu la sehemu tu ya swali, ile sehemu ambayo mgonjwa ana muda wa kulinganisha. Sehemu hiyo si ndogo.

Maryland ilikwenda njia ya kinyume: tangu miaka ya 1970 tume ya jimbo ndiyo hupanga bei ya kila hospitali, na kila mlipaji hulipa bei hiyo hiyo. Nao wanajivunia. Nakubali kwamba huo ni mfumo wenye mantiki. Usio na mantiki ni ule wa kati: bei ziko huru kupanda, lakini mshindani hayuko huru kuingia.

Daktari wa macho Jay Singleton yuko New Bern, upande wa pili wa North Carolina, karibu na bahari. Kliniki yake ina chumba cha upasuaji, kilichokamilika, chenye vifaa. Lakini hana cheti, kwa sababu mpango wa jimbo unasema eneo lake halihitaji chumba kingine, kwa hiyo wagonjwa wake wengi huwapasua kwenye hospitali ya pale mjini. Kwa hesabu alizozipeleka mahakamani, kuondoa mtoto wa jicho kliniki kwake kungemgharimu mgonjwa takriban dola 1,800. Hospitalini ni karibu dola 6,000. Daktari ni yule yule na jicho ni lile lile. Alishtaki mwaka wa 2020, akitumia katiba ile ile iliyoisaidia Aston Park. Mahakama za chini zikamtupa nje. Oktoba 2024, Mahakama ya Juu ya jimbo ikairudisha kesi yake chini isikizwe upya.

Katikati ya hayo, Machi 2023, bunge la North Carolina lilikuwa limefanya biashara. Warepublican walikubali kupanua Medicaid, jambo walilolipinga kwa miaka kumi, na hospitali, zilizokuwa zikizitaka sana pesa za Medicaid, zikakubali kulegezwa kwa sheria ya vyeti. Gavana Roy Cooper, Mdemokrati, akatia saini. Watu wapatao 600,000 walitarajiwa kupata bima, na vituo vya upasuaji vikapewa ahadi ya kufunguliwa bila cheti. Ni mapatano ninayoyapenda kuliko hotuba zote za pande zote mbili: bili ya maskini ikawekwa mezani, na mlango ukafunguliwa siku hiyo hiyo.

Ila ulifunguliwa nusu. Uhuru huo wa vituo vya upasuaji, kuanzia mwishoni mwa 2025, ni wa kaunti zenye zaidi ya watu 125,000. Kaunti ya Craven, ambamo New Bern imo, ilihesabiwa mwaka wa 2020. Ina watu 100,000 na kidogo.